"Cowardice" si "coward"
Umeuliza kama ni sahihi kusema "he is a cowardice". Hapana. "Cowardice" ni woga wenyewe. Mtu mwoga ni "coward". Neno "cowardice" halihesabiki, kwa hiyo usilitangulizie "a": sema "an act of cowardice", kitendo cha woga. Mwisho wake hutamkwa "dis", si "dais". Wengi huteleza hapo. Tena ni neno la lawama. Anayeogopa nyoka ni "afraid" tu, lakini anayemkimbia mwenzake hatarini ndiye "coward". Angalia pia "cowardly": ina "ly" lakini ni kivumishi, kama "a cowardly attack". Ukitaka kielezi, tumia "in a cowardly way". Na ingawa "coward" linaanza na "cow", ng'ombe hahusiki kabisa. Asili ya "coward" ni neno la Kifaransa cha kale lililotokana na mkia.