Lengo na mbinu ya msemaji wa pili

Ndugu, katika swali la kuchagua jibu linalouliza jinsi msemaji wa pili anavyomjibu wa kwanza katika mazungumzo mafupi, umeuliza kwa nini chaguo linalosema kwamba msemaji wa pili anakanusha ushahidi wa mwenzake si sahihi. Hebu yasome maneno yao upya: wa kwanza anasema kahawa hupunguza usingizi, kwa kuwa wanaoinywa sana hulala kidogo; wa pili anajibu kwamba huenda waliokosa usingizi ndio wanaoikimbilia kahawa. Ushahidi wenyewe ameuacha ulivyo. Lengo lake ni kulitilia shaka hitimisho, na mbinu yake ni kuueleza ushahidi uleule kwa njia nyingine, akigeuza chanzo kiwe tokeo. Neno "huenda" lina uzito mkubwa hapa, kwani hadai kwamba kahawa haina athari. Kwa hiyo, chaguo jingine, lile lenye kitenzi "anathibitisha", nalo liondoe.