"Hukumwona?" "Ndiyo." Je, shahidi kadanganya?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Nilikaa kortini kufuata kesi ya mashine ya boti iliyoibwa, shahidi ni mzee wetu wa hapa Lamu. Mwanzo alisema hakumwona mshtakiwa gatini. Baadaye wakili akamuuliza "kwa hivyo wewe hukumwona mshtakiwa?" mzee akajibu "ndiyo". Wakili akamrukia hapo hapo, eti sasa wasema ulimwona, mwongo wewe. Nani kakosea Kiswahili?

JIBU: Waaleikum salaam. Mzee hakukosea, na uongo mimi siuoni. "Ndiyo" ya Kiswahili inakubali maneno ya aliyeuliza. Ukiniuliza "hujala?" na kweli sijala, nakwambia "ndiyo, sijala", nikiwa nimekula ndo nakukatalia, "la, nimekula". Waingereza wao neno lao la kukubali linafuata kitendo chenyewe, na wakili kasoma sheria kwa Kiingereza basi jibu kalisikia kwa masikio hayo.

Ila tusimwonee sana manake siku hizi wengi, hasa waliokaa sana shuleni, wanajibu "hapana, sikumwona" na imeshazoeleka. Kwa hivyo "ndiyo" tupu kwenye swali la kukanusha inabeba mawili, na wa kulaumiwa ni swali. Angeuliza "ulimwona ama hukumwona?" yangekwisha.

Na si jambo dogo jamani. Kifungu cha 198 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai Kenya kinasema lugha ya korti za chini ni Kiingereza ama Kiswahili, na Mahakama Kuu ni Kiingereza, sasa mara nyingi mzee anaongea chake, karani anatafsiri, hakimu anaandika Kiingereza. Ile "ndiyo" ikishaandikwa kwamba alimwona, imekaa. Mkikata rufaa, jaji wa Mahakama Kuu anatakiwa aupime ushahidi wote upya, ndo msimamo wa kesi ya Okeno ya 1972, lakini mzee hamwoni wala hamsikii, ana karatasi tu, na kwenye karatasi mzee kajipinga.

"Naam" nayo ndo balaa zaidi. Huku kwetu mtu akiitwa huitika "naam", yaani nakusikia, basi mzee mwenye adabu zake anaweza kuitika "naam" kabla swali halijaisha, karani kashaandika kakubali!

Umetaja moja tu lakini niongeze na usiku. Shahidi akisema "usiku wa Ijumaa", kwa watu wa pwani ni ule wa kuamkia Ijumaa, na polisi ameandika Alhamisi, wote wako sawa na wanaonekana wamepishana siku nzima. Hapo wakili asikimbilie kusema mzee anadanganya, amuulize kwanza: ilikuwa kabla ya swala ya Ijumaa ama baada yake?