Zaka, sadaka na waliofikwa na mafuriko Rufiji: mali hii ni ya nani?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, shehe wetu. Sisi ni kikundi cha vijana wa msikiti mmoja hapa Temeke, wake kwa waume. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 yalipotokea, tulichangisha. Wengine walituma wakasema hii ni zaka, wengine wakasema sadaka, wengine hawakusema kitu, na zote ziliingia kwenye namba moja ya simu. Tulinunua unga, maharage, mablanketi na ndoo, tukapeleka mara mbili. Huko tulikuta vijana wa kanisa nao wamekuja, tukagawa pamoja. Kuna pesa zilibaki, na sasa tumegawanyika. Mzee wetu mmoja anasema zaka ya Dar es Salaam haivuki kwenda Rufiji, na kwamba tulikosea kushirikiana na wasio Waislamu. Wengine wanataka tununue boti, mafuriko yakirudi tuwe nayo. Na wapo wanaoona picha tulizosambaza za watu wakipokea unga hazikuwa na adabu. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, wanangu. Allah akulipeni kheri. Mwezi ule ulikuwa mzito kwa nchi nzima. Kufikia tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mvua na mafuriko. Mnaouliza baada ya kutenda ni bora kuliko wanaokaa bila kutenda wala kuuliza. Nitaanza na lile ambalo mengine yote yanalitegemea, yaani hali ya kisheria ya huyo mtu mliyempelekea unga.

Sisi tumezoea kumwita mhanga, na jina hilo linatufanya tumwone kama mtu wa kuonewa huruma. Mafakihi, yaani wanachuoni wa sheria, walimpa jina jingine. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alipoeleza neno "wenye madeni" katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, ile inayotaja wanaostahiki zaka, alisema watu watatu wamo humo: mtu ambaye mafuriko yamechukua mali yake, mtu ambaye moto umeunguza mali yake, na mtu mwenye familia asiye na mali, akawa anakopa ili awalishe. Riwaya hii ameipokea Ibn Abi Shayba katika kitabu chake Al-Musannaf. Tazameni kwamba wa kwanza kutajwa ni wa mafuriko. Kwa hiyo mkulima wa Mohoro ambaye shamba lake lilizama wiki chache kabla ya mavuno, na pembejeo alizichukua dukani kwa mkopo, ana fungu lake katika zaka lililotajwa ndani ya Qur'ani. Ninyi mlipomfikia mlikuwa mmebeba mali yake. Mlikuwa matarishi.

Mkishalielewa hili, maswali yenu yanajijibu moja baada ya jingine.

Kwanza hoja ya mzee wenu. Hakusema ovyo, na msimdharau. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba zaka haihamishwi kutoka pale mali ilipo maadamu wenye kustahiki wapo, na Temeke wapo wengi. Lakini Hanafi wanaona inafaa kuhamisha kwenda kwa jamaa au kwa wenye haja kubwa zaidi, na Bukhari ametaja kwamba Muadh bin Jabal aliwaambia watu wa Yemen wamletee nguo badala ya shayiri na mtama, akisema ni rahisi zaidi kwao na ni bora kwa Masahaba walioko Madina. Katika tukio hilo moja mna mambo mawili mnayoyahitaji: zaka ilisafiri, na kitu kimoja kikapokelewa badala ya kingine. Mimi katika janga kama hili naifuata kauli hiyo. Mtu wa Temeke mwenye njaa ana jirani mwenye jiko linalowaka. Yule wa Rufiji siku ile hata jirani yake alikuwa juu ya mti. Basi unga mliogawa kwa pesa ya zaka umehesabika, inshaallah, wala msiwaambie waliotoa walipe tena.

Kosa lenu liko kwenye ile namba moja ya simu. Mkiwa kikundi tu, bila kuteuliwa na mamlaka, ninyi ni mawakili wa mtoaji. Zaka inabaki shingoni mwake hadi imfikie mwenye haki. Kama ililala kwenye simu ya mweka hazina wenu mwaka mzima, kuna Mwislamu mahali anadhani ametoa zaka, na bado. Rudini kwenye meseji za miamala, mpigieni kila mmoja: "Ile laki yako ilikuwa zaka au sadaka?" Tuseme ziliingia milioni sita, na mbili zikabainika kuwa zaka. Angalieni waliogawiwa. Ikiwa kilichowafikia Waislamu wahitaji kilifika milioni mbili au zaidi, zaka imeshafika, na iliyobaki ihesabuni kuwa sadaka. Kama haikufika, pungufu hilo lipelekwe sasa, mwezi huu, bila kungoja kikao.

Tena zaka isikatwe nauli, wala dizeli ya Fuso, wala chakula cha wagawaji. Ile sehemu ya "wanaozitumikia" katika aya ile ile ni ya walioteuliwa na mwenye mamlaka, nanyi sio. Safari igharimiwe kwa sadaka ya kawaida au kwa mifuko yenu.

Sasa boti. Hapa naomba mnisome taratibu, kwa kuwa ndipo watu wengi wenye nia safi wanapokosea. Zaka sharti imilikiwe na mtu. Boti ya kikundi haina mmiliki miongoni mwa mafakiri, ni yenu. Kwa hiyo hainunuliwi kwa zaka hata ikiokoa watu mia. Kwa sadaka inawezekana, kama waliotoa wameridhia, maana walipotuma walisema "ya mafuriko ya Rufiji", na sharti la mtoaji mwema ni la kuheshimiwa. Waulizeni. Wakikubali, nunueni.

Lakini mtumbwi wa mvuvi mmoja aliyesombewa mtumbwi wake, ukamkabidhi ukawa wake, huo ni zaka halali kabisa. Imam Nawawi ameeleza katika Al-Majmu kwamba mwenye kazi ya mkono hupewa cha kununulia kazi yake au vyombo vya kazi yake, kiasi cha kumtosheleza. Na kuna hadithi ya Qabisa aliyoipokea Muslim, ambayo natamani kila kikundi cha misaada kiihifadhi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Qabisa kwamba kuomba si halali ila kwa mmoja wa watatu, akamtaja miongoni mwao mtu aliyepatwa na janga likateketeza mali yake: huyo ni halali kwake kuomba mpaka apate cha kuyasimamisha maisha yake. Mpaka asimame. Mtume hakusema mpaka apate kilo tano za sembe, wala mpaka maji yakauke, wala mpaka wapiga picha waondoke.

Naijua kidogo Rufiji, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze kusimama kwa mtu wa kule kuna maana gani. Bonde lile watu wake wameishi na mafuriko tangu enzi na enzi. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni kwenda maeneo ya juu, na bado waliendelea kurudi kulima na kulala kwenye madungu mashambani, kwa sababu mto ukizidi huharibu, na ukirudi kitandani mwake huacha tope lenye rutuba. Juu ya unyevu ule hupandwa kilimo cha mlau, mahindi na maboga na vinginevyo. Mlau hausubiri mtu. Mwenye mbegu mkononi maji yanapoondoka atakula mwaka ule. Asiye nayo ataliangalia tope zuri likikauka mbele yake. Na mbegu zake zilikuwa ndani ya nyumba iliyozama.

Sasa linganisheni na tunavyopeleka sisi. Nimewahi kufika na lori kwenye kambi iliyokuwa shuleni, na katika mafurushi ya nguo tulizobeba mkawa na makoti mazito ya baridi na viatu virefu vya harusini. Nilitahayari. Mama mmoja alipokea koti kwa adabu, akalikunja, akaniuliza polepole kama tuna dawa ya kutibu maji na vitambaa vya hedhi kwa binti zake. Hatukuwa navyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza kabla ya kuondoka, na katika lori zima hakukuwa na mwanamke wa kumweleza mambo yake. Ninyi mna akina dada kwenye kikundi. Wao watangulie, waingie kwa wanawake, waandike, kisha ndipo mnunue.

Na hili la kuuliza, kwa upande wa zaka, lina msingi wa kifiqhi. Madhehebu yetu hairidhii pesa ya mtu igeuzwe bidhaa bila ya yeye kuamua. Basi orodhesheni majina kwa msaada wa mwenyekiti wa kitongoji na imamu wa pale, mwambieni kila mmoja: "Una haki yako hapa ya shilingi kadhaa. Tukutumie, au utuwakilishe tukununulie kitu?" Akisema mbegu, ni mbegu. Akisema nyavu, ni nyavu. Akisema nitumieni nimlipe mwenye duka, ndilo hasa fungu la wenye madeni. Mkikuta mama amebanwa na mikopo ile wanayoiita kausha damu, mlipieni kile alichokopa. Riba juu yake msiilipe kwa zaka. Kisha mfuateni mkopeshaji, mkae naye. Wakati wa Mtume mtu mmoja alinunua matunda yakapatwa na janga, deni likamwelemea. Mtume akasema mpeni sadaka. Watu wakatoa, haikufikia deni. Akawaambia wanaomdai: chukueni mlichokipata, hamna zaidi ya hicho. Amepokea Muslim. Sisi tuna ushujaa wa kuchangisha, ila wa kwenda kumwomba tajiri wa mtaa asamehe au asubiri hatuna, ilhali Allah ameamrisha katika Albaqara, aya ya 280, mwenye shida angojwe mpaka afarijike.

Kuhusu vijana wa kanisa, hamkukosea. Zaka ya mali, kwa kauli ya wanachuoni walio wengi, ni ya Waislamu, isipokuwa wa kutiwa nguvu nyoyo zao, yaani wanaovutwa kwenye Uislamu. Sadaka iko wazi kwa kila mwenye shida. Ibn Abbas amesimulia kwamba Waislamu walikuwa wakiona uzito kuwapa jamaa zao washirikina, ikateremka aya ya 272 ya Albaqara, "Si juu yako wewe kuwaongoa". Na Mtume aliusifu mkataba wa Fudhul, uliofungwa kabla ya utume na watu wasiokuwa Waislamu ili kumtetea aliyedhulumiwa, akasema lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Gawanyeni vitongoji na wenzenu hao ili mtu asipewe mara mbili na mwingine akakosa. Sharti ni moja pande zote: foleni ya unga isigeuzwe mimbari. Mwenye njaa hana uhuru wa kukataa kukusikiliza.

Kuna na maneno ambayo hamkuyauliza, ila nimeyasikia kwenye baadhi ya mabaraza, kwamba waliozama waliadhibiwa kwa madhambi yao. Mtume amemtaja aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi, katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Anayethubutu kumwita shahidi mhalifu ajiandae kwa jibu lake.

Picha. Kutangaza sadaka si haramu. Aya ya 271 ya Albaqara inaruhusu, na kuficha mafakiri wanapopewa ikasemwa ni bora. Mtoaji naye ana haki ya kujua pesa yake imefika. Basi pigeni picha magunia yakipakiwa, stakabadhi, boti ikivuka, mikono ikishusha mzigo. Sura ya anayepokea iacheni. Nilimwona mzee wa makamo yangu akiambiwa ashike tena mfuko, mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza hakutazama kamera. Alishika. Angefanyaje, na wajukuu wanasubiri? Hiyo ndiyo udhia, yaani kumuudhi uliyempa, inayotajwa katika aya ya 264, inayobatilisha sadaka baada ya kutolewa. Zile mlizokwisha kusambaza zifuteni leo, na mkienda tena watafuteni wale mliowapiga, muwaombe radhi kwa majina yao.

Limebaki la wale wasiosema kitu walipotuma, na ambao simu zao hazipatikani tena. Pesa zao zihesabuni sadaka ya mafuriko, kwa kuwa ndilo jambo mlilolitangaza. Zisihamishiwe ukarabati wa msikiti wala futari. Kama mna zilizobaki za aina hii na waliotoa hawakuridhia boti, zipelekeni kwenye mbegu, na mzinunue kabla mto haujashuka. Wekeni daftari mbili, moja ya zaka na moja ya sadaka, na namba mbili za simu, kuanzia sasa kabla ya mvua zijazo. Mkimaliza hesabu na mkakuta pungufu la zaka, nileteeni orodha niione.

Wallahu aalam.