Rundo la mbao lina kilo ngapi?

Ndugu, umeuliza rundo lako la paini, urefu mita 4, upana 1.2 na kimo mita 1, litakuwa na uzito gani ili ujue kama gari la tani 2 litalibeba. Ukizidisha unapata mita za ujazo 4.8, lakini hizo si za mbao tupu, hewa imo humo ndani. Umesema mbao ni za milimita 50 na kila safu imetenganishwa na vijiti vya 25. Basi mbao ni theluthi mbili tu: 3.2. Toa kama sehemu moja ya kumi kwa nafasi za pembeni, unabaki na 2.9 hivi.

Paini iliyokauka vizuri ina takriban kilo 500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni kama kilo 1,450. Ikiwa mbichi, inaweza kufika 900, na hapo unazungumzia kilo 2,600. Gari hilo sahau.

Mimi nisingetegemea namba hizi za jedwali. Chomoa ubao mmoja wa katikati, maana wa juu hukauka mapema na utakudanganya. Panda kwenye mizani ukiwa umeukumbatia, kisha upande bila ubao, utoe tofauti. Ubao wa 50 kwa 150 wenye mita 4 ukiwa mkavu huwa na kilo 15 hivi. Ukisoma 25, bado una maji mengi. Kisha hesabu ncha za mbao upande mmoja wa rundo, uzidishe.