Mrekodi bibi yako usiku huu, hata kama huelewi anachosema

Mdogo wangu hebu simama kwanza. Nimesoma uzi wako wote: bibi yako ana miaka 88, Muarmenia mzaliwa wa Addis, wewe unachanga hela uende Yerevan, mji mkuu wa Armenia, mwezi wa nne, unauliza visa, hoteli, kipimo cha DNA kipi kizuri, usalama ukoje baada ya vita, halafu kule chini kabisa umeandika "nikirudi ndo nitakaa nae anisimulie vizuri". Hiyo sentensi ya mwisho imeninyima usingizi. Hutakaa nae. Mimi nilisema maneno hayohayo.

Bibi mzaa mama tulimwita Medzmama. Kazaliwa Addis 1933, baba yake fundi viatu, mama yake ni wale waliosukumwa jangwani Deir ez-Zor, Syria, 1915, Waosmani wa Uturuki walipowaua na kuwafukuza Waarmenia, alikuwa binti mdogo tu, akaokotwa akalelewa Aleppo, ndo baadae wakaingia Ethiopia, maana enzi za Ras Tafari, yule aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, Waarmenia walikuwa wanapokelewa, 1924 alichukua yatima 40 wa Kiarmenia kutoka Jerusalem akawafanya bendi yake ya matarumbeta. Derg, ile serikali ya kijeshi, walipotaifisha mali 1975 familia ikakimbilia Nairobi, mama akaja kuolewa Arusha, na Medzmama akamfuata. Basi. Hicho ndo nilichokuwa nacho, nusu ukurasa wa daftari, na kijiji walichotoka hakimo.

Vita ya Karabakh, jimbo la Waarmenia walilogombania na Azerbaijan, ilipoanza 27 Septemba 2020 alikaa mbele ya TV siku zote 44. Hali, hasinzii, rimoti kaiweka mfuko wa aproni asije mtu akabadilisha chaneli. Alikuwa anataja watu, wa 1915 na wa kwenye taarifa ya habari, wote pamoja, majina tu moja baada ya jingine. Na mimi wakati huo nimeshamlipa "mtaalamu wa ukoo" mmoja wa mtandaoni dola 400, yeye ndo akaniambia nisimchokonoe mzee, kumbukumbu za wazee hazina uhakika, tuanze na nyaraka na DNA, mahojiano mwisho. Nikamtii kama mtoto wa shule.

Januari 2021 Medzmama akapata kiharusi. Kiswahili kikaondoka, Kiingereza kikaondoka, Kiamhari kikaondoka, kikabaki Kiarmenia cha utotoni kwake, kile cha Magharibi ambacho UNESCO wameshakiweka kwenye lugha zilizo hatarini. Na mama yangu alishafariki 2014, nyumbani hakuna hata mmoja anaekijua. Aisee akaongea. Wiki sita, mchana na usiku, mwanamke aliyenyamaza miaka 80 akaongea kama bomba limepasuka. Usiku mmoja saa tisa alinishika kifundo cha mkono akasema sentensi moja, akairudia, akairudia tena, ananiangalia mdomo anasubiri jibu. Nikamjibu "ndio Medzmama". Akaniachia mkono akageukia ukutani.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimuuliza yule mtaalamu nirekodi? Akaandika kwamba lugha isiyoeleweka nyumbani itanisaidia nini, nitajaza simu bure. Nimeapa sitamtaja jina hapa ila nikikumbuka ule ujumbe mikono inatetemeka mpaka leo. Wiki sita jamani! Tumemzika na kila kitu.

DNA ikaja ikasema Anatolia mashariki na Kaukasi, kitu ambacho jina lake la ukoo lenye -ian mwishoni lilishaniambia bila senti. 2024 nikaenda Yerevan na nyaraka zangu, na kila ninapogusa naulizwa swali moja, wa kijiji gani? Dereva wa teksi anauliza, mama wa mkate anauliza. Kule hata mitaa ya mji ni Arabkir, Zeytun, Malatia-Sebastia, majina ya miji ambayo watu walifukuzwa wakaja nayo mdomoni. Mimi sina.

Kilichoniokoa ni sekunde 41. Dada yangu alikuwa ananitumia voisi ya habari za dawa, akasahau kidole, ikamnasa Medzmama nyuma. Nikampelekea bibi mmoja wa Malatia-Sebastia ambae wazazi wake walihamishwa kutoka Syria 1947. Akasikiliza, akaniomba niirudie, akacheka, akafunika uso na kitambaa akalia. Medzmama alikuwa anamgombeza mtu anaekanda kufte, yale madonge ya nyama na ngano: "lowesha mikono, sisi wa Husenig hatuikandi kavu". Husenig, kijiji karibu na Kharpert, mashariki ya Uturuki ya leo. Miaka mitatu ya kutafuta, na jibu lilikuwa kwenye voisi ya bahati mbaya.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, yeye alitoka Septemba 2023 na wale Waarmenia zaidi ya laki moja waliokimbia Azerbaijan ilipolichukua jimbo, barabara ya kwenda Goris, mji wa Armenia, ya masaa machache iliwachukua masaa 30. Huyo alirekodi. Ndani ya gari, foleni haisogei, alimuuliza mama yake nyumba zote za mtaa wao moja moja, nani aliishi, walipanda nini, mbwa wao aliitwaje. Sasa hivi mwanae wa miaka sita anazijua hizo nyumba mlango kwa mlango. Nilipomsimulia habari za Medzmama alinishika shavu akasema tsavt tanem, yaani maumivu yako niyabebe mimi, na yeye ndo hana nyumba.

Mlima Ararat upo pale tangu Nuhu, utakusubiri. Usimfanyie bibi yako mahojiano, weka simu jikoni karibu na sufuria, muache apike, muulize kwao walikuwa wanaitia chumvi saa ngapi. Akibadilisha lugha usimkatishe. Simu ikijaa, futa picha zako.