Usiuze kiwanja kabla ya wote wawili kupimwa

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, naishi Ngamiani, Tanga. Tumeoana miaka mitatu na hatujajaliwa mtoto. Mwaka wa kwanza nilichomwa sindano za uzazi wa mpango kwa sababu mume wangu alitaka tujipange kwanza. Miaka miwili hii tunatafuta. Yeye ni dereva wa lori, huenda Lubumbashi, na akirudi hukaa nyumbani siku nne au tano kwa mwezi. Kupimwa hataki. Anasema ana mtoto wake Muheza aliyempata kabla ya kunioa, kwa hiyo tatizo si lake. Mama mkwe amenipeleka mara mbili kusafishwa kizazi kwa mitishamba. Sasa nimeambiwa Dar es Salaam wanapandikiza mimba, na nimepata mnunuzi wa kiwanja changu cha Mwambani nilichorithi kwa baba. Je, nahitaji kupandikizwa? Na dini yetu inaruhusu?"
Mwenye Dukuduku, Tanga

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo uliobebeshwa peke yako ilhali ni wa watu wawili. Nitakujibu waziwazi: kwa haya uliyoeleza, hakuna anayeweza kusema kwamba unahitaji kupandikizwa mimba, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara kisha kuwekwa kizazini, kwa kuwa hadi leo hakuna aliyetafuta kujua kinachowachelewesha. Urithi wa baba yako usiuzwe kugharimia tiba ya jambo ambalo bado halijulikani.

Tuanze na hesabu ya muda. Madaktari huanza uchunguzi pale mke na mume wanapokuwa wamekutana mara kwa mara, bila kinga yoyote, kwa miezi 12 bila mimba kushika. Mwanamke akishafikisha miaka 35, hawamsubirishi zaidi ya miezi 6. Sasa tazama hali yenu. Baada ya sindano ya miezi mitatu, uzazi huweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, na kwa wengine hata mwaka mzima tangu sindano ya mwisho, bila ya kuwapo ugonjwa wowote. Halafu kuna safari za mumeo. Yai likishatoka huishi kwa muda usiozidi siku moja, na mbegu za kiume huweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo katika kila mzunguko siku za kushika mimba hazizidi 6: zile 5 zinazotangulia kutoka kwa yai, na siku yenyewe. Mwenye mzunguko wa siku 28 hupevusha yai karibu na siku ya 14, akihesabu tangu siku ya kwanza ya kuona damu. Mume anayeingia nyumbani siku ya 19 na kuondoka siku ya 23 amekukuta siku hizo zimekwisha kupita. Chukua kalenda, weka alama siku ulizoingia hedhi na siku alizokuwapo nyumbani tangu mwaka jana, uone ni miezi mingapi kweli mlikutana katika wakati wake. Huenda miaka miwili ikabaki miezi michache, na daktari atalihitaji karatasi hilo kuliko maelezo mengine yote.

Hata hivyo sikushauri ukae ungoje, kwa sababu una miaka 33 na kupimwa hakuna hasara. Ninalosisitiza ni kwamba wa kwanza kupimwa awe mumeo. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanamume ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Na kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote, hakina sindano wala maumivu. Mtoto wa Muheza ni ushahidi wa miaka ile, na mbegu za mwanamume hubadilika kwa maradhi, homa kali, sigara, pombe, na dawa za kujenga misuli zenye homoni. Yapo pia maambukizi ya zinaa yanayoziba mirija ya mwanamume bila yeye kuhisi lolote, na lipo busha, ambalo ukanda wetu wa pwani unalifahamu vizuri, na mishipa iliyovimba kwenye korodani. Haya mawili daktari huyaona kwa kumkagua tu, na mengi hurekebishika kwa upasuaji.

Nikueleze kipimo chenyewe, maana nadhani kinachomtisha mumeo ni kutokijua. Hukaa bila kukutana nawe kwa siku 2 hadi 7, kisha hutoa mbegu kwa mkono katika kichupa safi kinachotolewa na maabara, bila sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwani hivyo huua mbegu. Kama anaona haya kuifanya kazi hiyo hospitalini, aulize kama ataruhusiwa kuifanya nyumbani. Hapo kichupa hufungwa vizuri, huwekwa ndani ya nguo karibu na mwili kisipoe, na hufikishwa maabara kabla ya saa moja kwisha. Kutoka Ngamiani hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kwa bajaji mna muda wa kutosha. Huko watahesabu mbegu, mwendo wake na maumbile yake. Majibu yakiwa mabaya asikate tamaa wala asikubali dawa ya mtaani, kwani mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu kabla ya kutoa uamuzi.

Namna ya kumwambia ni juu yako, unamjua kuliko mimi. Usilianzishe usiku anaofika na vumbi la njia ya Tunduma. Mwache apumzike, kisha useme "twende tukapimwe", kwa sababu akisikia "nenda ukapimwe" atasikia lawama. Akikataa tena, mtafute mwanamume anayemheshimu, ami yake au dereva mwenzake mtu mzima, azungumze naye faraghani. Mama yake asiwe mjumbe wa jambo hili.

Wewe nawe utapimwa. Kipimo cha damu cha homoni inayoonyesha kama yai limetoka huchukuliwa siku kama 7 kabla ya hedhi inayofuata, yaani siku ya 21 kwa mzunguko wa siku 28, kwa hiyo usikubali kutolewa damu siku yoyote ile bila kuulizwa tarehe zako. Ultrasaundi itaonyesha uvimbe wa kizazi na hali ya mayai. Mirija inayopitisha yai hadi kizazini hupigwa picha ya eksirei baada ya kutiwa dawa maalumu, hedhi ikishakatika na kabla yai halijatoka. Inauma kidogo, umwombe daktari dawa ya maumivu mapema.

Kuhusu kusafishwa kizazi nakuomba, mwanangu, isiwepo mara ya tatu. Kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi, na mitishamba inayowekwa ukeni huweza kuleta maambukizi yatakayopanda hadi kuziba mirija, ukawa umejitafutia ugonjwa ambao hukuwa nao. Mwambie daktari ulichowekewa, bila aibu. Mama mkwe mjibu kwa adabu kwamba mko kwenye matibabu ya hospitali.

Majibu yakishapatikana ndipo swali lako la kupandikizwa litapata mahali pake. Yai lisilopevuka mara nyingi huhitaji vidonge tu, na siku zilizokosewa huhitaji mumeo apange likizo. Kupandikiza hufaa zaidi pale mirija yote miwili imeziba, mbegu ni chache mno, au tiba nyepesi zimeshindwa. Mtoto wa kwanza duniani wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Ni tiba ya kweli, lakini hugharimu mamilioni na mara nyingi jaribio la kwanza halishiki, hivyo anayeuza mali yake yote kwa jaribio moja hujikuta hana cha kulipia la pili.

Upande wa dini, wanazuoni wengi wa Kisuni wanaruhusu iwapo yai ni la mke na mbegu ni za mumewe, na ndoa bado ipo. Wanachokataza ni kuingiza yai au mbegu za mtu wa tatu. Mwoneni sheikhe mnayemwamini mkiwa wawili, na mwende mkiwa na majibu ya vipimo mkononi, kwa sababu atataka kujua ni tiba gani hasa mliyoelekezwa.