Jibu: Diski ya GB 32 imejaa, Windows 10 inakataa kusasishwa

Habari ndugu. Umesema diski yako ya GB 32 imebakiwa na nafasi isiyofika GB 2, na sasisho linagoma ingawa mafaili yako ni machache. Angalia kwanza folda ya Windows.old, ambayo hubaki baada ya sasisho kubwa. Iondoe kupitia Disk Cleanup, programu ya Windows ya kusafisha diski, ukikumbuka kwamba baada ya hapo hutaweza kurudi kwenye toleo la zamani. Kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, uandike powercfg /h off, amri inayozima hibernate (kuzima kompyuta huku kazi zilizo wazi zikihifadhiwa kwenye diski) na kufuta faili lake la hiberfil.sys, ambalo kwenye mashine yangu yenye RAM ya GB 4 lilikuwa likimeza zaidi ya GB 1 bure, japo kompyuta itachelewa kidogo kuwaka. Folda ya WinSxS, inayohifadhi vipengele vya Windows yenyewe, usiiguse kabisa kwa mkono. Nafasi ikiwa bado haitoshi, chomeka flashi tupu, kwa kuwa Windows huweza kuitumia kwa muda wakati wa kusasisha.